Pikapu Iliyozoea Njia

Siku ya tisa tangu auziwe pikapu, Msafiri aliirudisha kutoka Moa hadi Ngamiani, akasimama barazani kwa Mzee Badru, amenuna.

"Shikamoo, mzee. Pikapu yako inavuta kushoto. Mafundi wawili wameishika, hawakuona kitu. Lakini kila nikipita makaburini, popote pale, usukani unanishinda nguvu."

Badru aliitikia marahaba. Alijua. Miaka kumi na moja alibeba maiti wa mtaa mzima kwa pikapu ile, bila ujira, akitafuta thawabu. Dini inamtaka muuzaji aitaje kasoro ya kitu chake kabla ya kupeana mikono, naye alinyamaza. Jeneza nalo ni kasoro? Nani ananunua gari akaulizia maiti?

"Nilikuficha, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Chukua chako, niachie gari."

Msafiri alipokwenda zake, Badru aliijaribu mwenyewe. Alipita makaburini ameng'ang'ania usukani. Haikuvuta. Ilinyooka tu. Akacheka peke yake, akamtukana kimoyomoyo yule kijana mwongo.

Kwenye njia panda ya kurudi, usukani ulimponyoka. Pikapu ilikata kona, ikaingia mtaani kwake, ikajigeuza, ikarudi kinyumenyume mpaka kizingitini pa nyumba yake, ikazima. Ndivyo alivyokuwa akiiegesha kila alipokwenda kuchukua maiti.

Na nyumba ile aliishi peke yake.