Kiraka cha Flavia

Medard alikuwa bado hajaupata ubunge, lakini tulishamwita Mheshimiwa, maana sisi Watanzania tunapenda vyeo kuliko chakula. Mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inafufuliwa, naye alizunguka Moshi nzima akiipinga. "Mpaka ukifunguliwa, Wakenya watatumeza wazima wazima!" Mkononi hakukosa mkoba wa ngozi. "Huu kaushona Mtanzania. Nani atamlinda?"

Mtanzania mwenyewe ni mdogo wangu Flavia. Alimpa mkoba ule bure, kwa mapenzi, na mimi nilimwamini Medard kama ninavyomwamini padri. Wakenya wana viwanda. Sisi tuna Flavia na cherehani mbovu inayolisha watoto wake. Ikifika kwenye kona huruka, inaacha tundu, na Flavia hulifunika kwa kiraka kidogo chenye umbo la jani la mbuni. Wateja hudhani ni urembo.

Wakati huo nilikuwa Guangzhou, China, kununua mzigo wangu wa nguo. Siku moja nikaenda Shiling, mji wa ngozi, kutafuta mikanda ya wanaume. Katika duka moja nikainua macho: mikoba ya Flavia imening'inia ukuta mzima. Nikashusha mmoja. Kiraka kipo kwenye kona, jani lile lile, hadi ncha yake iliyopinda. Ndani wameshona lebo: Fahari ya Tanzania.

"Laoban," nikamwuliza mwenye duka, kwa maana huko kila tajiri ni laoban, "sampuli kaleta nani?"

Akacheka. "Rafiki yako Mheshimiwa, bosi mkubwa Tanzania. Kontena moja. Wewe taka? Bei nzuri!"

Nikafumua uzi wa kiraka kwa kucha, nikakibandua. Chini yake ngozi ya bandia, laini, haina tundu. Walikuwa wamenakili hata ubovu wa cherehani ya mdogo wangu! Nikalipa, nikatoka, nikatema mate mtaroni. Nikapanda basi kurudi mjini.

Jioni Medard, aliyekuwa ziarani huko huko Guangzhou, alikuwa ametualika Watanzania kwenye mgahawa karibu na mtaa wa Yide Lu, tumsikilize kabla hajarudi nyumbani. Alisimama mafuta ya bata yakimng'aa kidevuni, akauinua mkoba wake. "Ndugu zangu, nchi ni yetu! Hatutauza utu wetu kwa jirani!" Watu wakapiga makofi, Sostenes wa Mwanza, mfanyabiashara mwenzangu, akiwashinda wote.

Nikasimama, nikautupa mkoba wangu mezani katikati ya sahani, na kiraka kando yake.

"Huu nimeununua leo Shiling, Mheshimiwa. Kuna kontena zima, umeliagiza wewe. Wakenya hawajavuka hata mpaka wa Holili, na Flavia umeshammeza!"

Nilidhani ataona haya. Akajifuta kidevu tu. "Dada Albina, tulia. Ndiyo maana nasema mpaka usifunguliwe. Wakenya wakileta mikoba yao, hii nitamwuzia nani?"

"Na Flavia?"

"Flavia ni wetu. Nitampa kazi dukani kwangu, aiuze."

Nikawageukia wenzangu. Hawa ndio waliokuwa tayari kumwaga damu kwa ajili ya nchi, dakika chache tu zilizopita. Nikangoja mmoja aseme neno. Sostenes akauvuta mkoba, akaunusa, akavutavuta mshono.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "duka hilo huko Shiling liko upande gani?"

Wengine wakasogeza viti. Niliwatazama wakipokezana mkoba wa mdogo wangu kwa vidole vyenye mchuzi, na nilichukia hata jinsi jina la nchi lilivyotajwa mezani pale.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikapiga Moshi, dukani kwa jirani wa nyumbani, wakamwita Flavia. Alikuja akitweta, kachangamka.

"Dada! Mwambie Mheshimiwa nimemshonea mwingine. Ule utakuwa umechakaa kwa kututetea."

Nikamweleza yote, sikumficha kitu.

"Na kiraka," akauliza, "nacho wamekiweka?"

"Wamekiweka."

"Wamekishona vizuri?"

"Vizuri, mdogo wangu," nikasema. "Uzi haukuruka hata mara moja."