Muungurumo wa Ampli Mbili

Mwaka wa 1998 vita vilikuwa vimetujazia wanajeshi hapa Kamina, lakini kanisani kwetu Wamethodisti adui mkubwa alikuwa muungurumo. Gitaa lilikuwa moja, langu mimi Mwadi, na ampli mbili za kukuza sauti: moja upande wa akina baba, nyingine upande wetu akina mama, maana kwaya hizo mbili haziazimani hata kitabu cha nyimbo. Kila kwaya ilikuwa na soketi yake, na kila moja ilichimbia chuma chake cha ardhi, cha kumwaga umeme unaotoroka, nje ya ukuta wake. Nikiunganisha gitaa na ampli zote mbili, zinaunguruma kama kinu cha kusagia mahindi.

Mchungaji Muteba alichoka. Jumapili ile yangesomwa majina ya vijana waliokwenda vitani, na wazazi walitaka kuyasikia. Muungurumo ukirudi, alisema, gitaa litafungiwa kabatini. Niliumia sana. Miaka sita nimejifunza gitaa, halafu nirudi kupiga makofi?

Jumamosi asubuhi tukawasha jenereta. Baba Wenceslas, mkuu wa kwaya ya wanaume, akaja na koleo.

"Tukate nsinga ya terre pa ampli yenu," akasema, akionyesha waya wa ardhi. "Makelele itaisha."

"Hapana, papa. Ile njo inatulinda. Ukiikata, siku courant ikitoroka itapita mu mwili ya mwenye kushika gitare. Njo minyi," nikasema, nikijigusa kifua.

Marehemu baba yangu alitengeneza simu za reli, na watu husema aliniachia kichwa chake pamoja na pua yake. Nilichomoa waya wa gitaa kwenye ampli ya akina baba: kimya. Nikaurudisha: muungurumo. Basi hakuna ampli iliyoharibika. Umeme ulikuwa unazunguka, kutoka ardhi ya akina baba kupitia waya wangu hadi ardhi ya akina mama.

"Tuziweke zote mbili pa prise moya," nikasema, nikionyesha soketi ya akina mama. "Pa yetu. Njo iko karibu na jenereta."

"Ampli ya babaume ikale ku bamama?"

"Ao gitare iingie mu kabati. Muchague, papa."

Alinung'unika kwa Kiluba maneno ambayo siyaandiki, kisha akaibeba mwenyewe kifuani, akavuka kanisa zima. Akina mama waliokuwa wakifagia waliacha kufagia wakamtazama. Nilichomeka zote mbili mahali pamoja, nikafungua sauti hadi mwisho.

Mchungaji akaingia. "Sababu gani hamuyawasha?"

"Iko inawaka, pasta."

Hakuamini. Aliinama kuangalia taa nyekundu ya ampli moja, kisha ya pili. Nikapiga gitaa mara moja, akaruka.

"Wenceslas!" akacheka. "Njo weye umetengeneza?"

Baba Wenceslas alijifuta jasho. Kanisa lote lilimsubiri.

"Hapana, pasta. Minyi nimebeba tu. Njo Mwadi."

"Basi kesho Mwadi atapiga."

Nilijivuna waziwazi, mbele ya wote, na mpaka leo sijaomba msamaha.