Bakuli la Mama Faiz

Johari binti Stambuli alipomaliza chuo cha ualimu wa chekechea alidhani dunia itamtandikia jamvi. Ikampa mwiko. Kituo cha watoto kule Magogoni kilichompokea kwa mafunzo kazini kilimtia jikoni asubuhi ya kwanza, na mwezi ukaandama angali akikoroga uji, akisugua vikombe na kufuta watoto makamasi. Chaki aliiona kwa mbali, mkononi mwa mwenzake.

Mwenzake ndiye Lynnette, msichana wa bara aliyeanza naye siku moja, cheti chake sawa na cha Johari. Lakini mkuu wa kituo, Madamu Jerioth, alimtazama Lynnette mara moja akampa darasa la watoto wadogo, na Johari akaambiwa jikoni pana upungufu. Sababu haikutajwa. Wakubwa hawana desturi ya kutaja sababu, na anayewauliza huambiwa ana kiburi. Juu ya hayo Madamu akawaarifu wote wawili, meno nje, kwamba mafunzo yakiisha ataajiriwa mmoja tu. Ndivyo wakubwa wafanyavyo: hutupa mfupa mmoja penye mbwa wawili, kisha hushangaa kusikia kelele.

Nyumbani baba yake, mzee Stambuli, hakumpoza moyo. Alikuwa mgane tangu mkewe alipofia kwenye benchi la hospitali akimngoja daktari aliyekuwa mkutanoni, na tangu hapo hakuwa na neno jema kwa mwenye ofisi yeyote. Alimwambia bintiye kwamba kiti huwa kimeshapewa mwenyewe kabla wengine hawajaitwa kukigombea. Johari alilala na maneno hayo, yakamea.

Na kilichomchoma zaidi si darasa, ni watoto. Wakisikia kicheko cha Lynnette huacha uji ukapoa. Hata Faiz, mtoto wa Mwanarehema muuza mahamri, ambaye siku za mwanzo alikuwa akilia langoni mpaka Johari ambembeleze kwa kijiko, siku hizi alimpita jikoni kama apitaye kiguzo. Johari akimwona shingoni mwa Lynnette, roho yamwasha kama aliyelamba pilipili.

Siku moja, wakati wa uji, Lynnette alimnyanyua Faiz juu mbele ya watu wote.

"Jamani, mtazameni huyu! Mnene, mzuri, macho yake sijui aliyatoa wapi. Kituo kizima hakuna kama yeye."

Mashallah hakusema. Angejuaje? Kwao mtoto husifiwa hivyo hivyo, kavu. Lakini Magogoni kila mtu ajua kwamba sifa bila neno hilo humwacha mtoto wazi, jicho likampata, na kwamba msifu akisahau, aliye karibu humsemea. Neno lilimfika Johari ulimini. Akalimeza. Akajiambia si yeye wa kumfundisha kazi mwenye darasa lake.

Kesho yake Faiz hakuja. Kesho kutwa mama yake alikuja naye begani, mtoto amechemka, midomo imemkauka. Johari ndiye aliyekutana nao kwanza, mlangoni mwa jiko. Mwanarehema aliuliza kwa upole mwanawe alikula nini, na nani alimshika.

"Chakula ni kile kile, Mama Faiz," Johari akasema. "Ila juzi mwalimu Lynnette alimsifu mno mbele za watu, na Mashallah haikumtoka."

Akangoja fujo. Alikwishaiona: mama akipasua ukumbi kwa kelele, Madamu akitafuta amani, darasa likibadilishwa mwalimu kabla ya adhuhuri.

Mwanarehema hakufoka. Aliomba bakuli la maji, akaenda nalo darasani, akamweleza Lynnette taratibu kwamba mgeni ni kipofu hata akiwa na macho, lawama hana. Ila anawe uso na mikono humo ndani, na maji hayo ataogeshwa mtoto ili jicho limtoke. Lynnette labda hakuelewa hata nusu. Lakini alimwona mtoto. Akapiga magoti, akanawa hadi viwikoni huku machozi yakimdondoka, akauliza kama yatatosha, akaomba na afundishwe hilo neno. Madamu Jerioth naye, aliyetoka kuona kuna nini, alichovya ncha za vidole ili mambo yaishe.

"Na wewe, mwanangu," Mwanarehema akamgeukia Johari.

"Mimi sikumsifu."

"Sikukuuliza kusifu. Jicho halina jina. Aliyekuwapo anawe."

Johari akayatazama maji. Kwa Lynnette yalikuwa huruma, kwa Madamu yalikuwa maji tu. Yeye peke yake kati yao alijua kinachonawiwa pale, kwani alilelewa nacho. Akaona akitia mikono mle na mtoto akapona, basi atakuwa amejijua yeye ni nani, na hilo hakuliweza.

"Mambo ya kizamani hayo," akasema. "Chuoni tulifundishwa mtoto mwenye homa apelekwe zahanati."

"Huko nimetoka, na dawa hizi hapa. Na kuchongea mwenzio, ulifundishwa chuo hicho hicho?"

Johari akaificha mikono ndani ya leso yake. Mwanarehema akaitazama mikono ile ilikojificha, akamhamisha mtoto bega la pili.

"Haya, mama. Mwenye kuyaogopa maji ajijua."

Madamu hakuuliza nani alisema nini. Alitoa amri moja: Johari asiguse tena chakula wala mtoto, akae langoni afungue na kufunga mpaka siku zake ziishe. Aliyewagombanisha kwa kiti kimoja hakutajwa. Wakubwa hunawa vidole tu.

Faiz alipona. Kwa dawa au kwa maji, Mungu ndiye ajuaye. Asubuhi aliporudi, mkono wake mkononi mwa mama yake, Johari aliwafungulia lango akampa Mwanarehema shikamoo. Mwanarehema akaitikia marahaba, tena vizuri, kama mtu aliyefunzwa adabu. Kisha, kabla ya kupita, akavuta ncha ya leso yake akamfunika mtoto uso, na hakuifunua mpaka walipokuwa wamempita Johari, karibu na mlango wa darasa.