Sauti ya Mpiga Pasi

Kabla ya alfajiri gololi ilidondoka ndani ya beseni, ko, na bibi akafumbua macho. Hakuuliza ni nani. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mjukuu wake, na mwenye gololi alikuwa mjukuu.

Akanyanyuka polepole kwa sababu ya maumivu ya magoti, akawasha taa. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, kifaa kimekaa sikioni, beseni la bluu mapajani. Alishika gololi nyingine shavuni, ametulia kama mtu anayengoja chai ipoe. Kimya kikapita. Kisha akaiachia. Ko.

"Nani amekuita, Nukta?" bibi aliuliza.

Nukta hakugeuka. Alikuwa mtoto wa miaka minne, jina hilo la utani alipewa kwa udogo wake, na tangu azaliwe hakuwahi kusikia mlango, mvua, wala hilo jina lenyewe. Watafiti wa hospitali kubwa walimpasua nyuma ya sikio wakamwekea kidude ndani. Baadaye wakampa kifaa cha nje, kidogo kama harage, kinachoning'inia sikioni na kushikwa kichwani kwa kisahani cha sumaku. Cha nje kikivuliwa, cha ndani ni bure. Cha ndani kilikuwa mali ya mtoto. Cha nje kilikuwa mali ya utafiti.

Zoezi walifundishwa palepale hospitali. Mtu anaficha mdomo kwa kitambaa ili mtoto asisome midomo, kisha anatoa sauti sita: aa, uu, ii, sh, s, m. Mtoto akisikia anaachia gololi ndani ya beseni. Bibi alifanya hivyo asubuhi na jioni mpaka koo likakauka, na Nukta akabaki na gololi shavuni akimtazama kwa huruma. Kwa bibi hakuwahi kuachia hata moja. Kwa hewa tupu ya alfajiri aliziachia zote.

Wiki iliyopita daktari mwenye utafiti alikuwa amesema, bila ukali, huku akipangusa miwani: "Alhamisi saa tatu tunampima tena. Asipoonyesha kusikia, kifaa kinarudi, apewe mwingine. Foleni ni ndefu, bibi."

"Na huyu?"

"Huyu atabaki alivyokuwa."

Msichana anayepima watoto alitazama sakafu. Huyu alikuwa na tabia ya kusugua viganja vyake vipate joto kabla ya kugusa kichwa cha mtoto. Hakuna aliyemwagiza. Bibi alimwombea dua kwa hilo.

Sasa ilikuwa Jumanne, na Nukta alishuka kitandani akaelekea mlangoni bila viatu. Bibi alivichukua viatu, akajitupia shuka mabegani, akamfuata. Mtoto alitangulia. Kila njiapanda alisimama, akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, kisha akashika njia. Walipita soko lililofungwa, wakampita mfagiaji aliyewasogezea toroli lake wapite, wakavuka daraja la waenda kwa miguu. Jua lilichomoza wakiwa bado njiani. Mwisho Nukta akaingia kwenye duka la dobi.

Ndani mlikuwa na mvuke na harufu ya nguo moto. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga pasi shati jeupe, huku akisema kwa sauti ya chini, "Amka sasa, tajiri yangu. Amka, jua limeshakutangulia." Chini ya meza, juu ya rundo la mashuka, mvulana mdogo alikuwa macho tayari, akipanga vifungo, hana habari na maneno hayo.

Nukta akaketi miguuni pa mwanamke, uso juu, kama mtu aliyefika kwao.

"Shikamoo, mama," alisema mpiga pasi.

"Marahaba, mwanangu. Utusamehe kuingia bila hodi. Mtoto huyu anakusikia."

"Kutoka wapi?"

"Kule juu, nyuma ya soko."

Mpiga pasi akaisimamisha pasi isije ikaunguza kola. "Ni mbali," alisema. Akatoa stuli, ile moja tu aliyokuwa nayo, akampa bibi. Kisha akainama, akakigeuza kidogo kile kifaa sikioni mwa Nukta bila kukivua. Ukingoni palikuwa na alama ndogo ndogo ambazo bibi siku zote alidhani ni za kiwandani.

"Haya ni meno ya mwanangu. Alikuwa akikivua tu, anakitafuna."

Hapo bibi akaelewa, na stuli ikawa ya moto.

"Mimi sikuiba," alisema.

"Najua, mama. Na mimi sikukupa."

Pasi ilipumua peke yake.

"Kwani wako alikuwa hasikii?" bibi aliuliza.

"Anasikia sana! Akisikia, anacheka. Mimi nikisema aa, yeye kicheko. Wao walitaka gololi. Daktari akasema hakuna maendeleo, wakamvua palepale kwenye kiti. Alirudi nyumbani anajipapasa kichwa njia nzima."

"Na wewe bado unamsemesha."

"Sasa nikae naye kama kabati? Namsemesha. Nilijua maneno yanaishia kwenye mvuke. Kumbe yamezoea mlango wao. Mlango umehamishiwa kwenu, nayo yakahamia."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo linaloeleweka. Hata barua humfuata mtu alikohamia, sembuse sauti ya mama.

Aliona aibu kuomba, lakini mtu mzima mwenye shida haya zake huziweka mfukoni. Akamweleza habari ya Alhamisi. Mpiga pasi alimaliza mkono mmoja wa shati, akamaliza wa pili, akalikunja, akalibandika nambari ya mteja. Bibi alitazama mikono ile kama mtu anayesubiri hukumu.

"Huyu akishindwa," mpiga pasi alisema hatimaye, "kitarudi kwa wangu?"

Bibi angeweza kusema chochote. "Hapana, mwanangu. Kitakwenda kwa mwingine."

"Basi Alhamisi saa tatu nitakuwa hapa. Zile sauti nazijua kama sala. Yule msichana hujikohoza kidogo, anaanza aa, anahesabu moyoni, anakuja uu. Nitakwenda naye sambamba."

Alhamisi walifika mapema, Nukta amesukwa vizuri. Saa ya ukumbini ilifika saa tatu, na daktari hajafika. Mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Bibi alisimama, akaketi, akasimama tena.

Nukta akainua biskuti aliyokuwa nayo, akaiweka shavuni. Akaiachia.

"Bado, mama, bado," bibi alinong'ona, kama vile mtoto ndiye aliyeanza. Nukta akanyoosha mkono, anataka kitu kingine cha kuachia. Bibi akampa ufunguo wa nyumba. Ukaanguka sakafuni kwa kelele. Akampa leso, kisha miwani, kisha sabuni ndogo ya kunawia. Vyote vikaanguka kwa zamu, baina ya kimoja na kingine kimya cha kuhesabu moyoni. Cha sita kilikuwa kiatu cha bibi mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni aliviokota vyote, akamrudishia.

Daktari alipotokea akiomba radhi, sauti sita za mpiga pasi zilikuwa zimekwisha.

Chumba kile kuta zake zilikuwa na magodoro ya kuzuia kelele, na hewa yake nzito. Msichana wa kupima alisugua viganja, akamweka Nukta sawa, akaficha mdomo. Akajikohoza. "Aa." Gololi ilibaki shavuni. "Uu." Ilibaki. Zikaisha zote sita. Msichana akarudia toka mwanzo bila kuagizwa, polepole zaidi, akiinamia mbele kama anayemshika mtu asianguke. Beseni lilikaa tupu.

"Inatosha," alisema daktari. Akainuka, akapeleka mkono kwenye kichwa cha mtoto, kwenye kile kisahani. Bibi aliona vidole vyake vikigusa nywele alizozisuka asubuhi ile.

Nukta akafungua mdomo.

"Tajiri," alisema.

Sauti haikuwa ya mtoto. Ilikuwa nzito, imechoka, ya mwanamke anayesimama kutwa kwenye mvuke. Daktari akarudisha mkono.

"Neno la kwanza!" alisema, akacheka kwa furaha ya kweli. "Wengine huanza na mama, huyu anaanza na tajiri. Huyu atafika mbali. Bibi, ndiye nani huyo tajiri?"

Bibi angenyamaza, siku ingeisha salama. Lakini maneno yalikuwa yameshafika kooni.

"Ni mtoto mliyemvua kifaa hiki."

Daktari akatazama kompyuta yake. Humo watoto walikuwa na nambari, hawakuwa na majina. "Yule alishatolewa kwenye utafiti, bibi."

"Anasikia. Akisikia anacheka."

"Alishatolewa." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuarifu kwamba basi limeondoka. "Huyu wako ataendelea nacho mpaka kipimo kijacho. Hongera sana."

Ukumbini msichana wa kupima aliwakimbilia, akamtia bibi pakiti ya betri mkononi. "Mpelekee mama wa yule mtoto," alisema. Wote wawili walijua kwamba betri bila kifaa hazina kazi. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Dukani mpiga pasi alipokea betri, akaziweka rafuni kwa heshima, pembeni ya sabuni. Bibi akamsimulia kila kitu, na jibu la daktari pia. Mpiga pasi alisikiliza huku akiendelea na kazi. Mvulana alikuwa kwenye mashuka yake chini ya meza.

"Mvalishe kidogo," bibi alisema ghafla, akakishika kifaa sikioni mwa Nukta. "Kwa muda wa shati moja tu. Nani atajua?"

Mpiga pasi akaificha mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. "Hicho kinakumbuka kila kichwa kilichokivaa. Wakikichomeka kwenye kompyuta kitasema, na huyu naye watamvua. Kiache, mama. Usinijaribu."

Bibi akauondoa mkono.

"Neno lile alilisemaje?" mpiga pasi aliuliza.

Nukta, aliyemsikia, akasema tena: "Tajiri." Mwanamke yule alisimama akisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwa mtoto wa mtu. Aligeukia mvuke kwa kitambo, akajipangusa uso kwa mgongo wa kiganja, akachukua shati lingine.

Aliwasindikiza hadi kizingitini, jambo ambalo mwenye duka, aliyemwajiri, hakulipenda. Akamfunga Nukta kifungo cha shingoni kilichokuwa kimefunguka.

"Mje tena, mama," alisema. "Hata kesho. Nikiwa nasema, nataka nimwone anayenisikia."