Ukungu wa Chumba cha Kufulia

Mwalimu wa insha alikuwa na jina alilobandikwa na wanafunzi, nalo ni Wembe. Alilijua, akajifanya halijui. Walimwita hivyo kwa sababu ya daftari safi. Mtoto akiandika insha ikatoka vibaya, walimu wenzake wangeisahihisha wakaiacha hapohapo, lakini yeye wapi! Anaweka rula kwenye mshono wa daftari, anapitisha wembe, ukurasa unatoka na kutupwa kwenye boksi chini ya meza, kisha mtoto anaandika upya. Kila Ijumaa boksi linamwagwa shimoni na kutiwa moto. Wakaguzi walipokuja waliyasifu madaftari yale mpaka mwalimu mkuu akavimba kichwa, utadhani yeye ndiye aliyeshika rula.

Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa mvivu. Aliwapenda wale watoto kwa namna yake ya kununanuna. Ila aliamini kwamba insha nzuri imeshaandikwa zamani mahali fulani, na kazi ya mtoto ni kuifikia tu. Basi aliwapa vifungu vya kupambia: ndege watumbuize matawini, jua lichomoze kwa madaha, upepo uvume taratibu. Ukisoma insha za wanafunzi wake unaweza ukadhani dunia haina kunguru.

Muhula ule aliwapa mada aliyoipenda kuliko zote: jifanye kitu cha asili, utueleze maisha yako. Mto, mlima, mvua, chochote alichokiumba Mungu. Wakaandika watoto arobaini na wanane. Mmoja alikuwa mlima, akaamka asubuhi, akapiga mswaki, akaenda sokoni. Mwingine alikuwa mto uliofaulu mtihani na kununuliwa baiskeli. Mwalimu alicheka peke yake mpaka akavua miwani kufuta machozi. Halafu akalifikia daftari la binti wa dobi, na hilo halikumchekesha.

Sasa binti wa dobi hayupo. Homa ya siku tatu tu, ya nne wakamzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yake alikuja Jumatano moja baada ya masomo, wiki mbili tangu mazishi. Alikuwa dobi wa hospitali, mtu wa kuchemsha na kusuuza shuka za wagonjwa, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimenywea kwa maji mpaka vimekunjamana. Mwalimu alikuwa peke yake katika chumba cha walimu. Alisimama haraka, akamvutia kiti, akampa pole ambayo alishampa makaburini.

"Nimeshapoa, mwalimu," alisema yule mama, kama watu wanavyosema. "Nimefuata daftari lake la insha."

"Lipo, mama. Nimekuwekea."

Na kweli alikuwa amelitunza. Alilifunika upya kwa karatasi ya kaki, akaandika jina la mtoto kwa mwandiko wake mzuri. Alilitoa kwenye kabati kwa mikono miwili, na ndani ya moyo wake, tuseme ukweli, alijisikia mtu mwema.

Yule mama hakulifungua. Aliliweka magotini akalipapasa. "Yule mtoto alikuwa haongei," alisema. "Unamjua. Unamuuliza umekula, anaitikia kwa kichwa. Sasa siku moja akanijia mbio mpaka chumba cha kufulia, na kule haruhusiwi, nikataka kumgombeza. Akaniambia, mama, leo nimekuandika kwenye insha. Nikamuuliza, umeniandika nini? Akacheka, akasema nitasoma mwenyewe daftari likirudi. Basi nimekuja kujisoma. Picha yake ninayo, nguo zake ninazo. Ninalotaka kujua ni aliniona vipi."

Palepale mwalimu alikumbuka.

"Pengine uende ukasome nyumbani, mama, umetulia," alisema.

"Nyumbani hakuna utulivu wowote. Nitasoma hapa."

Akafungua. Mwalimu alimwomba Mungu, na aibu gani hii, aliomba yule mama awe hajui kusoma. Lakini alijua. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Insha ya mwisho ilikuwa na kichwa "Mimi ni Ukungu," na pembeni alama thelathini na sita kati ya arobaini. Ukungu ulitanda juu ya vilele vya milima mirefu. Ndege walitumbuiza. Jua lilichomoza kwa madaha, ukungu ukaaga dunia kwa furaha. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akafungua kurasa za nyuma, akatafuta, akarudi.

"Simo," alisema.

Mwalimu aliivuta rula iliyokuwa mezani, akaitia kwenye droo.

"Milima gani hii? Yule hajawahi kuona mlima hata mmoja, mwalimu. Alikuwa akiuona wapi?"

Halafu kidole chake kikagusa mshono. Mtu aliyetumia miaka ishirini akikagua pindo za shuka, vidole vyake havidanganyiki. Palikuwa na kipande chembamba cha karatasi kilichobaki, kimesimama wima, kimekatwa sawasawa kwa rula.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mwalimu angeweza kudanganya. Angesema mtoto mwenyewe alichana, na nani angembishia? Alilifikiria hilo, msimtetee. Lakini yule mama alikuwa anamtazama bila ubaya wowote, anasubiri tu, na uongo ukamshinda.

"Palikuwa na ile aliyokuambia," alisema. "Niliikata mimi."

"Kwa nini?"

"Aliandika kuhusu mvuke wa kufulia, mama. Mada ilikuwa vitu vya asili. Nikamwambia ukungu hutoka milimani na mabondeni, hautoki kwenye shuka. Nikamwambia aandike upya."

"Ukurasa wenyewe uko wapi?"

"Tulichoma. Ijumaa ileile."

Yule mama alifumba macho. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Nje, mfagizi aliburuta ndoo kwenye sakafu ya baraza, wakamsikiliza wote wawili mpaka akapita.

"Nisomee basi ya kichwani," alisema hatimaye. "Nyie walimu mnakumbuka vitu vingi."

Maskini ya Mungu, alijitahidi. Alifumba macho, akakunja ndita. Insha ilikuwa ya ukurasa mzima na nusu, huo aliukumbuka kwa umbo, wino wa buluu umevuja hapa na pale. Lakini alisoma insha arobaini na nane siku ile, na alikuwa na njaa, na alitaka kumaliza. Mlima ulioenda sokoni aliukumbuka neno kwa neno. Hii, ambayo mtu angetoa jicho lake kuipata, ilikuwa imemtoka.

"Nakumbuka sentensi moja," alisema. "Kwa sababu niliipigia mstari mwekundu."

"Niambie."

"Alisema: Kila asubuhi mama ananipasua kwa mikono miwili ili aone njia, na mimi siumii, kwa sababu najua ni yeye."

Yule mama alitazama mikono yake. Kisha alilia kwa sauti kama mtu aliye peke yake nyumbani, na mwalimu naye machozi yakamshuka akaacha yashuke. Hakuwa na leso ya kumpa.

Alipotulia alisukuma daftari mezani. "Iandike hapo. Vilevile alivyosema, usinipambie."

Akaiandika chini ya ile ya milima. Mwandiko wake mzuri uliharibika, akataka kuanza upya, akajizuia. Yule mama alisoma kwa kidole mara tatu.

"Na mengine?"

"Sikumbuki, mama. Nisamehe. Sikumbuki."

Aliitikia kwa kichwa. Alilitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akasimama. Mlangoni alisita.

"Hii ya milima hakuniambia kabisa kama ameiandika. Mimi ndiye niliyemuuliza, ile insha yangu iko wapi? Maana niliisubiri. Akainamisha kichwa." Alilikaza fundo la mfuko. "Akasema, ilikuwa na makosa, mama. Nimeshayatoa."