Mtama wa Topista

Topista simpendi, na sitaanza leo. Miaka yote tuliyokaa jirani hapa Budondo, mdomo wake ndio ua wa shamba lake. Ukipita na mbuzi: "Nimepulizia sumu!" Ukichuma mboga mpakani: "Sumu hiyo, utakufa!" Sumu gani? Mbuzi walikula, watoto walikula, hakufa hata kuku. Tukamzoea.

Mwaka huu tulibaki na mtamba mmoja tu, wa mahari. Jumamosi tungempeleka Mbale kwa wazazi wa Phiona, ndipo mwanangu Arnold apewe mke. Baba yake Phiona alishasema, ng'ombe asipofika, kuna mwingine anabisha hodi. Jua lilikuwa limemaliza malisho, mtamba wetu mbavu nje. Mvua ya kwanza ikanyesha, na kwa Topista mashina ya mtama aliokwisha kuvuna yakachipua majani mabichi ya kutamanisha. Na desturi yetu, shamba likivunwa ni la mifugo ya wote.

Mume wangu Geresom, askari mstaafu, akamswaga mtamba humo. Topista akatoka mbio.

"Afande, mtoe! Mtama mchanga una sumu!"

"Leo tena?" Geresom akacheka.

"Si ya kupulizia, ni ya mtama wenyewe! Ukikatwa, ukapigwa na jua, ukichipua unajilinda usiliwe. Ngoja urefuke. Ukirefuka sumu inapungua, nguvu zinakwenda kwenye masuke. Mama Arnold, mwambie!"

Nimwambie nini? "Choyo hicho, Topista. Mwongo we!"

Mtamba akala akashiba. Nyumbani hatukufika. Alipepesuka, akaanguka, akatapatapa na povu mdomoni hadi akatulia. Nikapiga yowe. Geresom akakimbilia panga, anasema safari hii mwanamke kapulizia kweli.

Topista hakukimbia. Alizunguka nyuma ya nyumba yake, akarudi anamvuta ng'ombe wake mwenyewe.

"Wangu nimemfunga tangu mvua, hamkuona? Haya, mchukueni. Mpelekeni Mbale, kijana asikose mke."

Alikuwa analia. Haki ya Mungu, machozi niliyaona. Nikamtazama yule ng'ombe, nikautazama ule mdomo.

"Na huyu umemlisha nini?" nikamuuliza. "Afie kwa wakwe, tuaibike?" Nikatema mate miguuni pake. Akageuka na ng'ombe wake.

Jumamosi tulikwenda Mbale mikono mitupu. Hata chai hatukupewa. Phiona ameshaolewa na yule mwingine. Arnold amehamia Jinja mjini, nikimpigia simu hapokei.

Mtama wa Topista sasa umenipita kichwa. Kila asubuhi anamkatia ng'ombe wake yule yule, naye anakula, ananenepa, wala hafi. Mwongo mkubwa! Nani alimtuma aseme kweli siku ile?