Uvimbe wa Moto

Namegabe alisikia neno moja tu, na hilo moja likamtosha. Daktari Sylvère alifungua majibu ya kipande cha titi lake kilichopelekwa kupimwa nje ya nchi, akatabasamu, akasema, "Mama, uvimbe wako ni wa moto. Jumatatu tuanze dawa." Hapo hapo akaitwa wodini, na mama wa watu akabeba mkoba wake akaondoka.

Jamani, mwanamke aliyeuza samaki wa mukeke karibu na bandari miaka kumi na tisa, moto atautibu kwa kitu gani kama si barafu? Kila asubuhi alichota barafu kwenye boksi la samaki, akaifunga kitambaani, akaibana kifuani. Meno yaligongana, wateja wakiuliza bei akajibu kwa vidole. Dawa zingesubiri mpaka uvimbe upoe.

Wiki mbili zikapita hivyo, mpaka binti yake Lisette alipomfumania.

"Mama, we unafanya nini?"

"Ninazima moto."

Lisette alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasikia kwamba dawa za Jumatatu hazijaanza bado, kicheko kikamkauka, akamkokota mama yake hospitali.

Daktari naye alijikaza asicheke, akashindwa. "Kosa ni langu, Mama. Moto ni habari nzuri! Ndani ya kile kipande tumeona chembe za kinga zimejaa tele. Ndio askari wa mwili wako, wameshaingia wanapigana. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi unasikia dawa. Ule wa baridi, usio na askari, ndio unaotusumbua."

"Mara nyingi. Si kila mara?"

"Si kila mara. Ila tusiwaache wapigane peke yao."

"Na mi nimewagandisha wiki mbili! Masikini askari wangu!"

"Barafu haiwafikii, Mama. Kuchelewa ndiko kunakowaumiza."

Siku ileile akatundikiwa serumu ya kwanza, dawa ikadondoka mshipani tone kwa tone.

Nywele zilikwenda, hamu ya kula ikaenda, mdomo haukwenda popote. Siku ya serumu ya nne daktari alimpima titi. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akarudia. Namegabe akapandwa na hasira, maana ule uvimbe aliujua kuliko mtu yeyote.

"Apana huko, daktari! Ni hapa!"

Akabonyeza mwenyewe. Akabonyeza tena, polepole, akazunguka titi zima.

"Hata mimi siupati, Mama," daktari akasema.

Namegabe akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka kumtazama.